Mtumbwi, ngalawa au kayaki: kumchagulia chombo mvuvi wa mshipi

"Mjomba, ninunue kayaki au nimwendee fundi anichongee ngalawa?" Swali hilo aliniuliza mpwa wangu anayefanya kazi Dar es Salaam, na nilipoanza kumjibu niliona kwamba jibu la neno moja lingempotosha. Mimi nimekulia katika ngalawa upande wa Pangani, nimesukuma mtumbwi kwa pondo mikokoni, na kwa miaka kadhaa sasa ninayo kayaki ya plastiki ambayo huitumia siku ninapokwenda baharini peke yangu. Vyombo vyote vitatu ninavipenda, na kila kimoja kimewahi kunitesa pale nilipokipeleka mahali pasipokuwa pake.

Ninaandika kwa ajili ya mtu wa aina ya mpwa wangu: anavua kwa mshipi, anatoka alfajiri na kurudi kabla ya adhuhuri, yuko peke yake au na mwenzake mmoja, na anachotafuta ni kitoweo cha nyumbani pamoja na ziada kidogo ya kuuza. Mvuvi wa nyavu za jarife au wa dagaa anahitaji chombo kikubwa na mabaharia wengi, na huyo simsemei hapa. Boti ndogo ya faiba yenye mashine nayo nimeiacha nje ya ulinganisho huu, kwa sababu gharama ya mafuta na ya kuitunza mashine huibadilisha kazi nzima, hata uvuvi wa kitoweo ukawa hauwezi tena kujilipia.

Watu wengi huanza na bei, au na mwendo, au na uzuri wa chombo kinapokuwa kimelala juu ya mchanga. Wazee walisema, enda tezi, enda omo, marejeo ni ngamani, na mimi nimechukua neno hilo la marejeo kuwa kipimo changu cha kwanza. Saa ya kwenda, kila chombo ni kizuri, kwa kuwa bahari imetulia, mikono ina nguvu na maji yamejaa hadi mlangoni. Tofauti hujitokeza saa nne au saa tano za asubuhi, upepo umeshapanda, maji yamekupwa, samaki wako ndani ya chombo, na wewe una safari ya kurudi na kazi ya kukipandisha pwani.

Jinsi vilivyoundwa

Mtumbwi ni gogo moja lililochimbwa, lenye urefu wa mita tatu hadi sita hivi, na mara nyingi hauna tanga. Mti unaopendwa ni mwembe, ingawa iko mitumbwi ya msufi, ambayo ni myepesi zaidi lakini huoza mapema. Kitako chake ni cha mviringo, kwa hiyo hulala upande mara tu unapoegemea, na asiyeuzoea huuona kama unataka kumtupa. Mahali pake ni mitoni, kwenye mikoko na katika hori zilizotulia: mto Pangani, delta ya Rufiji, hori za Mtwapa na Kilifi kule Kenya. Katika maji hayo, pondo moja na kafi moja vinatosha, na hakuna chombo kingine kinachopenya kwa wepesi kama huo kati ya mizizi ya mikoko.

Ngalawa nayo huanza kama gogo, lakini mwili wake ni mwembamba na mkali zaidi, mara nyingi umeongezewa ubao wa pembeni, na usawa wake unatokana na matengo mawili, moja kila upande, yanayoshikwa na miti miwili iliyokatisha juu ya chombo. Ndiyo maana inaweza kubeba mlingoti na tanga kubwa kuliko mwili wake unavyoonekana kustahili. Ukiondoa matengo hayo, chombo chembamba kiasi hicho hakiwezi kusimama na tanga hata kwa dakika moja.

Kayaki asili yake ni vyombo vya ngozi vya wawindaji wa nchi za barafu, watu wa Greenland na wa kaskazini ya Amerika, waliokaa ndani yake wamefunikwa hadi kiunoni ili maji ya baridi yasiwaue. Ile inayotufaa sisi ni ya namna nyingine kabisa, yaani kayaki ya kukalia juu, iliyoumbwa kwa plastiki ya polithini ikiwa kama ganda lililofungwa pande zote. Urefu wake kwa kawaida ni mita tatu hadi nne na kidogo, upana sentimita 70 hadi 90, na uzito kati ya kilo 25 na 50. Ina matundu yanayopita kutoka juu hadi chini, na wimbi likikumwagia maji, maji hayo hushuka yenyewe baharini bila ya wewe kushika kopo.

Upepo wa saa ya kurudi

Hapa ndipo ngalawa inapoviacha vyombo vingine mbali. Mpiga kafi wa kawaida huenda kilomita tano kwa saa hivi, na huo ni mwendo wa mtu ambaye hajachoka. Ngalawa ikipata upepo mzuri hukimbia mara mbili ya mwendo huo na zaidi, wewe ukiwa umeshika usukani na demani, ile kamba inayoongoza tanga, na nguvu zako zote bado ziko mwilini. Upepo ukikabili, ngalawa huenda kwa bisho, mara mkono huu, mara mkono ule, na ingawa safari hurefuka, hatimaye hufika. Mwenye kayaki, upepo ukimkabili, hana msaada mwingine isipokuwa mabega yake.

Nilijifunza hilo mwezi wa Julai, katikati ya kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, mbele ya Ushongo. Nilitoka alfajiri bahari ikiwa kama mafuta ndani ya sahani, nikaelekea kaskazini nikifuata ukingo wa mwamba, na kwa kuwa maji yalikuwa yananisukuma sikuhisi nimekwenda umbali gani. Saa nne kusi lilipanda. Safari iliyonichukua kama nusu saa kwenda, sasa nilipiga kafi saa moja na nusu na bado niliuona mnazi uleule mbele yangu, kwa sababu kila nilipopumzika ili ninywe maji, upepo uliokamata mwili wa kayaki ulinirudisha nyuma zaidi ya nilivyokuwa nimepata. Vijana wawili wa ngalawa waliokuwa wanarudi kwa bisho walinitupia kamba, wakanivuta hadi kwenye maji yaliyokingwa na mwamba. Tangu siku hiyo, nikitoka na kayaki huanza safari kwa kuukabili upepo ninaoutarajia, hata kama bado haujaamka, ili saa ya kurudi unisukume mgongoni.

Anayenunua kayaki ni lazima aijue pwani yake kwa jambo hili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi hivi, na kusi kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, kukiwa na majuma ya maleleji katikati, bahari inapotulia. Kusi ndilo lenye nguvu zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Katika pwani ya bara inayotazama mashariki, upepo wa mchana hutoka baharini, na kwa sehemu kubwa humrudisha mtu nchi kavu. Lakini katika pwani ya magharibi ya Unguja, kama vile Bububu au Mangapwani, kusi na matlai hutoka nchi kavu kuelekea mkondo wa Zanzibar, na bahari iliyo karibu na ufuo huonekana shwari ya kudanganya kwa sababu kisiwa kinaukinga upepo. Mpiga kafi husogea nje kidogo, kisha kidogo tena, na akitoka katika kinga hiyo anakuta upepo unampeleka bara. Katika pwani ya namna hiyo, mtu wa peke yake mwenye kayaki asivuke umbali ambao anaweza kuurudi dhidi ya upepo kwa nusu ya nguvu zake.

Nje ya mwamba kuna jambo kubwa zaidi ya upepo. Mkondo wa bahari wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima kwa upande wa Tanzania, na wakati wa kusi unaweza kufikia kilomita saba kwa saa. Msomaji alinganishe tarakimu hiyo na ile ya mpiga kafi niliyoitaja, ataona kwa nini ninasema wazi kwamba kayaki ni chombo cha ndani ya mwamba, yaani kati ya mwamba na ufuo, na kwamba anayetaka kwenda kurambaza jodari na nguru, yaani kuwavua kwa kuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, nje ya mlango wa mwamba katika miezi ya kusi atafute ngalawa na mwenzake, au asubiri msimu wa kaskazi. Mtumbwi usio na matengo haufai hata kutajwa katika maji hayo.

Kukipandisha chombo

Kwa upande wa bahari ngalawa imeshinda, lakini ufikapo ufukweni kayaki hulipa kisasi. Ngalawa iliyonyonya maji ni mzigo wa watu wanne na zaidi, na hupandishwa juu ya magogo ya kuviringishia yanayochukuliwa kutoka nyuma na kuwekwa mbele kila inaposogea. Maana yake ni kwamba mwenye ngalawa lazima awe mwenyeji wa ufuo fulani. Leo unashika tengo la mwenzako, kesho anashika la kwako, na asiyeonekana pwani siku za wiki hana haki ya kushangaa akikosa mtu wa kumsaidia Jumamosi. Wengi huepuka kazi hiyo kwa kuiacha ngalawa ikielea kwenye nanga, lakini hapo unahitaji mtu wa kuiangalia usiku, wa kumwaga maji ya mvua na wa kuihamisha bahari ikichafuka.

Kayaki ya kilo 30 hubebwa na watu wawili bila shida, na mtu mmoja huivuta kwa kigari cha magurudumu mawili kinachofungwa chini ya mkia. Hulala uani nyumbani, hufungwa juu ya gari, na haidai sehemu katika ufuo wowote. Kwa mkazi wa mjini asiye na ndugu pwani, jambo hili pekee linaweza kuamua kila kitu.

Maji kupwa na kujaa nayo yahesabiwe. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani yetu hukaribia mita nne. Mahali kama Jambiani, bahari huondoka ikaacha uwanda wa zaidi ya kilomita moja wa mchanga, mwani na mawe. Mwenye ngalawa aliyechelewa hukaa nje akisubiri maji yarudi, na kwa kawaida hupitisha saa hizo akiendelea kuvua. Mwenye kayaki hushuka na kuivuta katika maji ya kifundo cha mguu, jambo ambalo ni faida, ilimradi amevaa viatu vigumu na hajapakia samaki na barafu kupita kiasi. Siku za maji mafu tofauti hii hupungua, na ndizo siku ninazompendekezea mgeni aanze nazo.

Mshipi mkononi

Mtu akishatupa nanga na kuteremsha chubwi, kile kizito cha mshipi, anagundua kwamba kila chombo kina tabia yake ya uvuvi. Katika ngalawa unakaa juu, unaona mbali, unaweza kugeuka, kusimama, kula na hata kusali. Nafasi ipo kwa madema mawili matatu, kapu la samaki na mtu wa pili. Kasoro yake ni matengo yenyewe: kolekole au nguru akinasa na kukimbia upande, hupita chini ya tengo, na mshipi ukigusa ukingo wa mbao hukatika kama uzi wa kushonea. Mvuvi mzoefu hupokezana mshipi na mwenzake juu ya mti wa tengo, lakini aliye peke yake hana wa kumpokeza.

Kayaki haina matengo, na samaki akinasa huigeuza na kuivuta yenyewe, kwa hiyo nguvu za samaki huishia katika kukivuta chombo na mshipi hupumua. Nimewahi kuvutwa na kolekole mmoja nikazunguka duara mbili kamili, pua ya kayaki ikimfuata kama mbuzi anayefuata kamba, na mshipi mwembamba ambao ningekuwa katika boti nzito ungekatika mapema ulimchosha hadi akapanda juu mwenyewe. Raha hiyo haipatikani katika chombo kingine. Lakini samaki huyo anapoingia, anaingia mapajani mwako. Mzia ana meno, taa ana mwiba, chewa ana miiba ya mgongoni, na huna hatua moja ya kurudi nyuma. Taa mwenye mwiba mimi humkata mshipi akiwa bado majini, na samaki mwenye meno humtuliza kwa kirungu kabla hajavuka ukingo.

Kwa habari ya nanga, mwenye kayaki ashike sheria moja bila ya kuijadili: kamba ya nanga itoke puani au mkiani, isitoke ubavuni kamwe. Mkondo ukiivuta kamba iliyofungwa ubavuni, huinamisha kayaki na kuijaza maji upande mmoja, na hupinduka kabla hujafika kwenye fundo. Mtumbwi una hatari hiyohiyo.

Kama moyo umeelekea kwenye kayaki

Kayaki nazo si sawa, na muuzaji atakuonyesha kwanza ile iliyokaa dukani muda mrefu. Ya kukaa ndani, ile ambayo miguu huingia ndani ya mwili wa chombo, iache: ikipinduka hujaa maji, na kuimwaga ukiwa peke yako katikati ya bahari ni kazi wanayoiweza waliofunzwa tu. Ya kujaza upepo huonekana rahisi kwa sababu inakunjwa ikaingia katika mkoba, lakini pwani yetu ni ya matumbawe na chaza, na wewe mwenyewe umebeba ndoana.

Katika zile za kukalia juu, urefu na upana huvutana. Ndefu na nyembamba huenda mbali kwa nguvu kidogo na kushika njia, ilhali fupi na pana hutulia unapovua lakini hukuchosha njiani. Jambo linalowadanganya wengi dukani ni uthabiti. Kayaki pana yenye kitako bapa haitikisiki unapoketi, na mnunuzi humaliza uamuzi hapohapo, ingawa utulivu huo ni wa maji yaliyolala tu, kwani wimbi la ubavuni likija, kitako bapa hulala pamoja na wimbi. Kayaki yenye kitako kilichopinda kidogo huchezacheza mwanzoni, kisha inapolala hadi kiasi fulani hukataa kuendelea. Kwa maji ya ndani ya mwamba, mita 3.5 hadi 4 za urefu na sentimita 78 hadi 84 za upana ndipo nilipoona pande hizo mbili zinakubaliana kwa mtu wa kimo cha wastani.

Halafu kuna kafi na kanyagio. Kayaki za kanyagio, ambazo kampuni ya Hobie ilianza kuuza aina yake ya mapezi mwaka 1997, huiacha mikono huru kushika mshipi, na kwa kurambaza hakuna raha inayozidi hiyo. Nimejaribu moja, nikaipenda. Hata hivyo mapezi au panga lake hushuka chini ya kayaki kiasi cha sentimita 40 na zaidi, na sehemu kubwa ya safari zetu za kwenda na kurudi hupita juu ya matumbawe katika maji ya magoti. Kipuri kikivunjika hakipatikani Kariakoo wala Mombasa, huagizwa. Nchini Marekani kayaki ya kafi ya kuvulia huuzwa dola mia tano hadi elfu moja na kitu, na ya kanyagio mara nyingi huvuka dola 2,000, kabla ya nauli ya meli na ushuru, ambavyo kwa kitu kikubwa na chepesi namna hii havipungui. Kwa pesa hizo nyingi mimi ningenunua ya kafi, na kafi lenyewe ningechagua jepesi na zuri kupita yote dukani, kwa sababu unalinyanyua maelfu ya mara kwa asubuhi moja.

Uzito unaoandikwa kwenye kayaki, tuseme kilo 160, ni pamoja na wewe, maji, barafu, vifaa na samaki. Tumia theluthi mbili yake. Ukivuka hapo, matundu ya kutolea maji huanza kuingiza maji, na unakaa umelowa safari nzima.

Matunzo, umri na mti unaokwisha

Chombo cha mbao kinajulikana na kila fundi. Ufa wa ngalawa huzibwa kwa pamba na kubanwa, tundu huwekewa kiraka cha bati na lami, na kitako huchomwa kwa moto wa makuti ili kuwaua wadudu wanaotoboa mbao, kisha hupakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, au deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo haina mwisho, na chombo kisichofanyiwa huisha upesi, lakini hufanyika hapohapo ufukweni kwa vitu vinavyopatikana kijijini. Unapokagua mtumbwi au ngalawa ya mkono wa pili, tazama kwanza ncha mbili, ambapo nyufa huanzia, kisha ugonge kitako kizima kwa kiungo cha kidole. Mbao nzima hulia, na palipooza hunyamaza. Kagua pia kamba zinazofunga matengo, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba maisha yako.

Plastiki haiozi wala haitoboki kwa wadudu. Adui yake ni jua, linaloifanya ikauke na kupasuka, kwa hiyo iwekwe kivulini kama vile mtumbwi unavyowekwa chini ya paa la makuti. Ikipasuka, gundi za kawaida hazishiki juu ya polithini, na inabidi iunganishwe kwa kuyeyushwa kwa joto pamoja na plastiki ya aina hiyohiyo. Kayaki haizami mradi ganda halijaingia maji, na hata likiingia, polithini yenyewe ni nyepesi kuliko maji. Lakini ganda lililojaa nusu halina uthabiti wowote. Yangu iliwahi kuingiza maji kupitia mfuniko wa stoo ya mbele ambao mpira wake ulikuwa umekunjika, na nilichohisi si maji, ila uzito uliokuwa unatembea kutoka upande hadi upande kila nilipopiga kafi. Sasa ndani yake nimejaza chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri, na kila safari hukagua mpira huo kwa kidole.

Suala la mti linanihuzunisha. Mwembe unaotoa ngalawa ni mwembe wa miaka mingi, ambao pia ni kivuli na matunda ya familia, na kila mwaka fundi huenda mbali zaidi kuutafuta. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, lililoshushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Ningefurahi siku moja kuona ngalawa ndogo ya mvuvi ikitengenezwa kwa njia hiyo kwa bei ambayo mvuvi anaiweza, kwa kuwa umbo la ngalawa halina kasoro, na kinachopungua ni mti tu.

Leseni na mahali pasipovuliwa

Kayaki isikufanye udhani kwamba unacheza tu. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ya Tanzania Bara, uvuvi na vyombo vyake vinahitaji leseni na usajili. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2010, na Kenya ya mwaka 2016. Muulize ofisa uvuvi wa wilaya na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa ufuo huo, kabla ya kununua. Kwa wakazi wa Dar es Salaam hasa, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari ambamo kuvua kumekatazwa, na hizo ndizo sehemu ambazo kayaki huzifikia kwa urahisi zaidi kutoka Msasani na Kunduchi. Vivyo hivyo mwamba wa Chumbe, Unguja.

Wasomaji wa maziwa makuu waniruhusu neno moja. Katika Ziwa Victoria na Tanganyika dhoruba hupanda ghafla, na kwenye matete kuna viboko na mamba, ambao mtu aliyekaa usawa wa maji hana la kuwafanya. Huko ningependelea mtumbwi wa mbao ulioungwa kwa ukingo mrefu, pamoja na wenyeji wanaoijua sehemu.

Nilichomwambia mpwa wangu

Ndugu yangu aliyebaki Pangani, anayeamka na wavuvi wenzake na kutegemea bahari kwa riziki, nilimwambia asiitazame kayaki mara mbili: chombo chake ni ngalawa, kwa ajili ya tanga lake, madema yake na mtu wa pili. Mzee anayevua kaa na mkizi katika hori abaki na mtumbwi wake. Mpwa wangu, anayekaa Kinondoni, asiye na ufuo wa kuacha chombo wala watu wanne wa kukipandisha, na mwenye Jumamosi moja tu kwa wiki, nilimwambia anunue kayaki ya kukalia juu, ya kafi, ya rangi ya machungwa au ya njano ili boti ziendazo kasi zimwone, na aivulie ndani ya mwamba, asubuhi, jaketi la uokozi likiwa mwilini na firimbi shingoni.

Kabla hajalipa, nilimtaka muuzaji aturuhusu kuijaribu majini. Tulikwenda nayo hadi maji ya kifuani, nikamwambia aipindue kwa makusudi, aigeuze tena, na apande mwenyewe bila ya mkono wangu: kifua kwanza juu ya kiti, piga miguu kama unaogelea, kisha geuka ukae. Tulikubaliana kwamba akishindwa mara tatu tungeirudisha dukani, hata kama rangi imempendeza namna gani. Mara ya kwanza iliteleza ikamrudia kichwani. Mara ya pili alipanda, akaketi akihema, akaniomba nimpe kafi.